Kabla ya kulipia tovuti "ipande Google", ikagueni wenyewe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuzungumze na wenye biashara, wakuu wa shule, zahanati na taasisi za hapa Dar es Salaam ambao kila mara wanapigiwa simu na kutumiwa ujumbe wa WhatsApp wakiahidiwa kwamba tovuti yao itafikishwa ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya siku saba. Sisi kazi yetu ni kutengeneza na kukarabati tovuti. Tunachotaka kusema ni kwamba tovuti nyingi zinazolipiwa ili zipande hazijashindwa na washindani. Zina hitilafu zinazozifanya zisisomwe au zisieleweke, na sehemu kubwa ya hitilafu hizo mwenye tovuti anaweza kuzibaini mwenyewe, bure, kabla hajatoa hata shilingi.

Tuanze na ahadi yenyewe. Google wameandika wazi kwenye miongozo yao kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba hawapokei fedha ili kuipandisha tovuti kwenye matokeo ya kawaida. Kinacholipiwa ni tangazo, nalo huwekewa alama ya tangazo, na siku salio likikatika linaondoka. Anayekuja na "dhamana" basi ama anazungumzia tangazo bila kulitaja, ama atawapandisha kwa maneno ambayo hakuna mteja anayeyatafuta, mathalani jina kamili la kampuni yenu. Kwa jina lenu wenyewe mnatakiwa kuongoza bila kumlipa mtu.

Kipimo cha kwanza ni hiki. Fungueni Google, andikeni neno site, nukta pacha, kisha jina la tovuti bila kuacha nafasi katikati. Itakuja orodha ya kurasa ambazo Google inazo kutoka kwenye tovuti hiyo. Idadi yake ni ya kukadiria tu, lakini inatosha kujibu swali kubwa: tumo au hatumo? Kama hautokei hata ukurasa mmoja, msijadiliane na mtu habari za kupanda. Kwanza mtafute kinachowazuia kuingia.

Mara nyingi ni zuio lililosahaulika. Fundi anapojenga tovuti huizuia isisomwe na injini za utafutaji mpaka ikamilike, na hapo hajakosea. Kosa linakuja siku ya uzinduzi anapoliacha zuio palepale. Kwenye WordPress, mfumo wa kujengea tovuti unaotumiwa na wengi, ni kisanduku kimoja tu, kwenye mipangilio, kipengele cha Reading, karibu na mwisho wa ukurasa. Kikiwa na tiki, kila ukurasa wa tovuti unabeba amri ya noindex, yaani "usiniweke kwenye faharasa", ile orodha ya kurasa ambazo Google inazo. Toeni tiki, hifadhini, kisha futeni kache, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa ili zifunguke haraka, maana plagini (programu ya nyongeza) ya kache inaweza kuendelea kutoa kurasa za zamani zenye amri ileile na mkadhani dawa imegoma.

Kwenye tovuti nyingine zuio liko kwenye faili la robots.txt, linaloiambia roboti, yaani programu ya injini ya utafutaji inayozunguka kusoma tovuti, isisome nini. Kulifungua ni kuandika jina la tovuti, mkwaju, kisha robots.txt. Mkikuta mistari hii miwili,

User-agent: *
Disallow: /

tovuti nzima imefungwa. Ule mkwaju mmoja wa mwisho ndio wenye maana ya "kila kitu". Ukifutwa, na Disallow ikabaki bila chochote mbele yake, maana inageuka kuwa hakuna kilichozuiwa. Google kwa kawaida hutunza nakala ya faili hilo hadi saa 24, kwa hiyo msitegemee mabadiliko dakika ileile.

Kuna mtego hapa ambao unawanasa hata mafundi wazoefu. Robots.txt inazuia ukurasa kusomwa, haizuii kuorodheshwa. Noindex ndiyo inayozuia kuorodheshwa, lakini ili ifanye kazi lazima roboti ya Google iufungue ukurasa na kuiona. Mtu akiweka yote mawili kwa nia ya kuficha ukurasa, mathalani orodha ya ada za zamani, roboti inasimamishwa mlangoni, amri ya noindex haisomwi, na ukurasa unaweza kubaki kwenye matokeo ukiwa na jina tu bila maelezo. Anayetaka ukurasa utoke aache usomwe, aweke noindex, asubiri utoke, ndipo afikirie kuzuia. Na kama ni siri kweli, kama vile taarifa za wagonjwa au wanafunzi, mahali pake ni nyuma ya nenosiri. Robots.txt inasomwa na kila mtu, na kuandika humo anuani ya kitu cha siri ni kuitangaza.

Baada ya hapo fungueni Search Console. Ni huduma ya bure ya Google yenyewe, na inashangaza jinsi wenye tovuti wengi wanavyolipa mamilioni bila kuwahi kuiona. Inafunguliwa kwa akaunti ya Google ya kampuni, si ya fundi. Umiliki unathibitishwa kwa kuongeza rekodi ya TXT, mstari mfupi wa maandishi, kwenye DNS ya jina la tovuti, yaani mipangilio inayoelekeza jina hilo kwenye seva yake, au kwa kupakia faili dogo la HTML kwenye seva. Njia ya DNS ni bora kwa sababu inabeba anuani zote za tovuti kwa pamoja, yenye www na isiyo nayo, yenye https na isiyo nayo. Fundi apewe ruhusa ya mtumiaji, na siku mkiachana naye mnamwondoa bila kugombana.

Ndani yake kuna ripoti ya kurasa zilizoingia na zisizoingia kwenye faharasa, na sababu kando ya kila kundi. Sababu hizo zisomwe kwa makini kwa sababu hazitibiwi kwa dawa moja. Ukurasa ulioandikwa kwamba umegunduliwa lakini bado haujasomwa mara nyingi hauna kiungo cha maana kinachouelekea, au seva ni nzito na roboti imeahirisha safari. Uliosomwa lakini ukaachwa, tatizo huwa liko kwenye ukurasa wenyewe: maneno machache, au yaleyale yaliyoko kwenye kurasa nyingine ishirini za tovuti hiyohiyo. Ulioandikwa kosa la seva, yaani namba zinazoanzia 500, peleka kwa kampuni inayotunza tovuti pamoja na tarehe na saa. Kurasa za 404, yaani zisizopatikana, haziogopeshi kama kitu kilifutwa kwa makusudi. Zinaogopesha pale ambapo bidhaa bado ipo ila anuani ilibadilika.

Hapohapo mpeleke ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya anuani za kurasa zake. WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 inatengeneza ramani yenyewe kwa jina la wp-sitemap.xml. Faili moja la ramani lisizidi anuani 50,000 au MB 50, kiwango ambacho biashara nyingi za hapa hazitakifikia. Muhimu zaidi, ramani iwe na kurasa hai tu. Ramani iliyojaa anuani zilizokufa na zinazohamishia kwingine inaipotezea roboti muda. Na kile kitufe cha kuomba ukurasa usomwe upya kibonyezwe mara moja inatosha. Kukibonyeza kila asubuhi hakuharakishi chochote.

Tatizo tunalotaka kulikalia zaidi ni tovuti mpya inayochukua nafasi ya zamani. Hapa ndipo kampuni inapoteza wateja ndani ya wiki mbili na kuanza kuwalaumu Google. Tuseme duka la vifaa vya maji la Kariakoo lilikuwa na ukurasa wa pampu wenye anuani inayoishia bidhaa.php?id=14. Ukurasa huo umekaa miaka sita, mafundi bomba wameutumiana, na umetajwa kwenye tovuti nyingine. Inajengwa tovuti mpya, ya kupendeza, na pampu sasa ziko kwenye anuani ya bidhaa/pampu-za-maji. Ile ya zamani inatoa 404. Sifa zote zilizojengeka kwenye anuani ile zinaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyeiambia Google kwamba ukurasa umehama.

Njia ya kuzuia ni hii, na ifanywe kabla ya kuzima tovuti ya zamani. Chukueni orodha ya anuani zote zilizopata mibofyo kwenye Search Console, ambayo inatunza takwimu za miezi 16. Ongezeni zile zilizoko kwenye ramani ya zamani na kwenye kumbukumbu za seva. Ziwekeni kwenye jedwali la safu mbili, ya zamani kushoto, mpya kulia, mstari kwa mstari. Kisha fundi aweke uelekezaji wa kudumu, yaani 301, kwa kila mstari. Asiweke 302, maana hiyo inasema uhamisho ni wa muda. Asizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo ili kuokoa muda: mtu aliyefuata pampu akaangukia ukurasa wa "Karibu" anarudi alikotoka, na Google huuchukulia uelekezaji wa namna hiyo kama ukurasa uliopotea. Wala asipitishe njia ndefu, ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu. Kila anuani ya zamani iende moja kwa moja kwenye mwisho wake. Uelekezaji huo uachwe kwa mwaka mmoja angalau, na ikiwezekana usiondolewe kabisa, kwa kuwa kuutunza hakugharimu kitu.

Suala la karibu na hilo ni tovuti moja kupatikana kwa anuani nne: http na https, yenye www na isiyo nayo. Chagueni moja ya https, nyingine tatu zielekezwe huko kwa hatua moja. Cheti cha usalama kinachohitajika kwa https si lazima kinunuliwe. Let's Encrypt wanatoa bure, kwa muda wa siku 90, na seva iliyopangwa vizuri hukihuisha yenyewe. Kinachoharibika ni pale jina la tovuti linapohamishiwa seva nyingine na uhuishaji wa kujiendesha ukabaki ukigonga seva ya zamani. Siku cheti kinapoisha, mteja anakutana na ukurasa wa onyo, na wengi hawaendelei mbele. Baada ya uhamisho wowote, bofyeni alama iliyo mwanzoni mwa upau wa anuani mwangalie tarehe ya mwisho ya cheti, na mwangalie tena baada ya miezi miwili.

Tuje kwenye kasi. Google walikamilisha mwaka 2023 kuhamia kwenye kusoma tovuti kwa toleo la simu. Maana yake, kilichofichwa kwenye simu na kuonyeshwa kwenye kompyuta tu kinaweza kisihesabiwe. Vipimo vyao vya ubora wa ukurasa ni vitatu: kitu kikubwa kinachoonekana kwanza kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati ukurasa unafunguka, kipimo chake kisizidi 0.1. Hicho cha pili kiliingizwa Machi 2024. Vyote vinatakiwa kufikiwa kwa angalau asilimia 75 ya watembeleaji halisi, kwa hiyo kupima ukiwa ofisini Posta kwenye Wi-Fi ya faiba hakusemi chochote kuhusu mteja aliyeko kwenye daladala la Gongo la Mboto na bando lake la mwisho.

Picha ndizo zinazokula muda. Simu ya kisasa inapiga picha yenye upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 4. Mwenye duka anapakia sita kama zilivyo kwenye ukurasa wa mwanzo. Tayari ni MB 24. Kwa mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde (MB moja ni megabiti nane), hizo peke yake ni sekunde 48. Mteja hayupo tena. Picha zilezile zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kugeuzwa kuwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, kila moja inaweza kushuka hadi KB 150 au chini, na macho kwenye simu hayaoni tofauti. Sita zinakuwa chini ya MB 1, sawa na sekunde mbili hivi kwenye mtandao uleule. Andikeni upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili kivinjari kiiwekee nafasi yake mapema. Hiyo ndiyo tiba ya maandishi kurukaruka. Picha za chini zicheleweshwe mpaka msomaji azifikie, lakini ile ya juu kabisa isicheleweshwe. Kuna plagini zinazochelewesha kila picha bila kuchagua, na matokeo yake kipimo cha kwanza kinazidi kuwa kibaya wakati mwenye tovuti anaamini ameongeza kasi. Na zile picha tano zinazojigeuza zenyewe juu ya ukurasa, ziondoeni mbakize moja nzuri.

Tuseme ukweli wote lakini: kasi peke yake haipandishi ukurasa usiojibu swali la mtafutaji. Ukurasa mzito wenye jibu sahihi mara nyingi utaushinda mwepesi usio na kitu. Wanaouza "kuongeza kasi" kama tiba ya kila ugonjwa wanatia chumvi.

Seva nayo ina mambo yake. Roboti ya Google inakuja zaidi kutoka Marekani. Tovuti iliyohifadhiwa hapa nchini inawafikia wateja wa Dar haraka, lakini roboti inaifikia kwa nyaya za baharini, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, tuliona wote mtandao ulivyodorora. Kukatika kwa saa chache hakuiondoi tovuti kwenye matokeo. Ila seva ikiwa kwenye matengenezo ijibu kwa namba 503, yenye maana ya "rudi baadaye", isijibu 404 wala kuonyesha ukurasa mweupe unaodai kila kitu kiko sawa. Hali ikiendelea kwa siku kadhaa mfululizo, kurasa zinaanza kuondolewa.

Sasa maneno yenyewe, na hapa tunasikitika zaidi kuliko kwenye jambo lolote la kiufundi. Mteja wa mabati anaandika "bei ya bati geji 28 migongo mipana". Anafika kwenye Google, na kampuni kumi za jijini zinazouza bati hilo hazina ukurasa hata mmoja wenye maneno hayo. Tovuti zao zimejaa Kiingereza cha kujisifu kuhusu ubora na maono ya kampuni. Neno bati halimo. Geji haimo. Bei ndiyo kabisa. Injini ya utafutaji haiwezi kuonyesha ambacho hakikuandikwa. Ukurasa wa bati hilo uwe na jina lake kama wateja wanavyolitamka, geji zilizopo, upana unaofunika baada ya kupishana, bei kwa mita na tarehe ya bei hiyo, rangi zilizoko stoo, na gharama ya kufikisha mzigo Mbagala, Bunju au Kibaha. Ukurasa wa namna hiyo mmoja una thamani kuliko makala hamsini zilizozalishwa kwa mashine kwa siku moja. Tena hizo makala za jumlajumla zina hatari: tangu Machi 2024 sera za Google zinataja wazi uzalishaji wa kurasa nyingi zisizo na msaada kwa mtu kama kosa, ziwe zimeandikwa na mashine au na binadamu.

Kichwa cha kila ukurasa kiwe tofauti. Tovuti nyingi tunazozikuta zina kurasa thelathini na zote zina kichwa kimoja, "Home" au jina la kampuni basi. "Fundi friji na AC Sinza, Kinondoni na Ubungo" ni kichwa kinachomwambia mtu na mashine kitu kilekile. Herufi 50 hadi 60 zinatosha, kwani zaidi ya hapo mara nyingi hukatwa. Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa kwenye matokeo ya Google hayapandishi ukurasa, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye, kwa hiyo yaandikwe na mtu anayejua bidhaa. Ile orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye msimbo, ambayo bado kuna wanaoitoza fedha hapa mjini, Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo. Msiilipie.

Kama mnataka lugha mbili, kila lugha iwe na anuani yake, moja chini ya sw na nyingine chini ya en, na kila ukurasa utaje mwenzake na ujitaje wenyewe kwa alama ya hreflang. Ukurasa wa Kiswahili ukimtaja wa Kiingereza na ule usimtaje, alama inapuuzwa. Msimbo wa Kiswahili ni sw, au sw-TZ mkitaka kutaja nchi. Wapo wanaoandika tz peke yake, nayo si lugha. Kile kitufe cha kutafsiri kinachobadilisha maneno ndani ya kivinjari hakitengenezi ukurasa wa Kiswahili, kwani kwenye Google bado ni ukurasa mmoja wa Kiingereza. Na msimhamishe mgeni kwa nguvu kufuatana na nchi aliyopo: roboti ikija kutoka Marekani itapelekwa kwenye Kiingereza kila mara, na Kiswahili chenu chote hakitasomwa.

Kwa biashara yenye mlango wa kupokea wateja, usajili kwenye Google Maps ni bure na mara nyingi unaleta simu mapema kuliko tovuti. Jina liwe lilelile la kwenye bango la duka, bila kurundika "bora" na "bei nafuu" mbele yake, maana hilo linaweza kusababisha kusimamishwa. Pini iwekwe kwenye mlango wenyewe, kwa sababu kwa mitaa yetu hatua mia moja zinamtoa mtu Mtaa wa Msimbazi na kumpeleka kwingine. Namba ya simu iwe moja kila mahali, kwenye ramani, kwenye tovuti na kwenye mitandao. Saa za kazi zirekebishwe sikukuu zinapokaribia. Maoni ya kununua msiyaguse.

Viungo vya kununua navyo hivyohivyo. Google wamekuwa wakivikabili kwa nguvu tangu Aprili 2012, na kifurushi cha "viungo elfu tano" hakileti kitu zaidi ya tovuti za kigeni zisizojulikana na mtu. Kiungo kimoja kutoka kwa kiwanda mnachokisambazia, au chama cha wafanyabiashara mliomo, kina uzito wa kweli.

Lipo jambo moja la dharura. Mkifanya kile kipimo cha site na mkaona kurasa zenye maandishi ya Kijapani, au za kuuza dawa na viatu, tovuti imeingiliwa. Mwenye tovuti akiifungua anaona kila kitu shwari, kwa sababu mara nyingi uchafu huo unaonyeshwa kwa roboti, au kwa mtu anayetokea kwenye Google, tu. Chanzo tunachokikuta mara kwa mara ni themu (mwonekano wa tovuti uliotengenezwa tayari) au plagini ya kulipia iliyopakuliwa bure kutoka tovuti isiyojulikana, au plagini halali isiyosasishwa kwa miaka. Anzeni Search Console: angalieni orodha ya wamiliki na muondoe msiyemjua, pamoja na faili au rekodi aliyoithibitishia. Chukueni nakala ya tovuti. Pakieni upya WordPress, themu na plagini kutoka kwenye vyanzo vyake, futeni zisizotumika, kagueni faili la .htaccess, lenye amri za seva kuhusu uelekezaji, na watumiaji wenye hadhi ya msimamizi, kisha badilisheni manenosiri yote, likiwemo la hifadhidata. Kurasa za uchafu ziachwe zijibu 404 au 410, yaani "imeondolewa kabisa", mpaka zitoke zenyewe. Zana ya kuondoa kurasa inayopatikana Search Console inazificha kwa miezi sita hivi tu, kwa hiyo anayeitumia bila kusafisha seva atazikuta zimerudi. Kama kuna onyo kwenye ukurasa wa masuala ya usalama, ombeni ukaguzi baada ya kumaliza, siyo kabla.

Mkishafanya haya na bado mkahitaji fundi, mwekeni atie saini mambo machache. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la kampuni na barua pepe ya kampuni. Mkahakikishe kwenye kumbukumbu za usajili wa jina hilo nani ameandikwa mmiliki kabla ya malipo ya mwisho. Ripoti ya kila mwezi itoke Search Console, ikionyesha mibofyo na maneno yaliyoleta watu, wala isiwe picha ya skrini ya simu ya fundi, kwa kuwa matokeo hubadilika kulingana na mahali mtu alipo. Muda uwe wa uhalisia: Google wenyewe wamewahi kusema kazi hii kwa kawaida inahitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja kuonyesha matunda. Kuondoa zuio la robots.txt kunaweza kuleta nafuu ndani ya siku chache, lakini hiyo ni kwa sababu kilichokuwa kimefungwa kimefunguliwa.

Mwisho, Ndugu Mhariri, lipo la kwenu magazeti. Kila gazeti linapojenga tovuti mpya, viungo vya habari za nyuma vinakufa kwa maelfu, na wanafunzi, wanasheria na watafiti wanakosa pa kurejea. Matoleo mengine yanapandishwa kama picha za kurasa nzima, na humo hakuna mtu atakayepata habari kwa kichwa chake. Tunawaomba habari ziwekwe kama maandishi, kila moja na anuani yake na tarehe ya kuchapishwa inayoonekana, na siku mkibadili mfumo lile jedwali la safu mbili liandaliwe kwanza. Kwa gazeti lenye mpangilio wa anuani unaotabirika, kanuni chache za uelekezaji kwenye seva zinabeba kumbukumbu zote. Fundi azijaribu kanuni hizo kwa anuani hamsini za miaka tofauti kabla ya kuzima mfumo wa zamani, na mfumo huo usifutwe hadi ripoti ya 404 itulie.

Wenu,
Mafundi wa tovuti,
Kijitonyama, Dar es Salaam